OFISI YA KAMISHNA NI MLANGO WA RAIA

Katika visiwa vya Lamu saini moja humgharimu mtu siku nzima ya kazi na nauli ya chombo cha kwenda na kurudi. Akifika ofisini akaambiwa, "Njoo kesho," hiyo kesho ina bei yake. Kwa mwenye nyumba karibu na ofisi neno hilo ni jepesi. Kwa aliyetoka Kiwayu au Ndau ni faini aliyotozwa bila ya kosa na bila ya hukumu. Kwa sababu hiyo tumeona yatupasa leo kusema juu ya Ofisi ya Kamishna wa Kaunti, kazi yake na haki ya raia mbele yake.

Wazee wetu walikwenda kwa Liwali, wakenda kwa Mudiri, na juu ya hao alikaa Bwana DC. Mtu alivua kofia, akangoja chini ya mti, akashukuru hata kwa kufukuzwa. Utawala ule wa DC uliwekwa na Mwingereza ili raia watawaliwe, wala haukuwekwa ili wahudumiwe. Uhuru ulikuja tarehe 12 Disemba 1963, bendera ikabadilika, lakini DC akabaki, na tabia ya kungoja chini ya mti ikabaki pamoja naye.

Katiba ya mwaka 2010 iliamuru utawala huo wa mikoa upangwe upya katika muda wa miaka mitano, uafikiane na serikali za kaunti na kuziheshimu. Sheria ya mwaka 2013 ndiyo iliyoweka ngazi tuzionazo: Kamishna katika kila kaunti, naibu wake katika kaunti ndogo, msaidizi katika wadi, kisha chifu na naibu wa chifu. Wengi wetu bado hatupambanui baina ya mlango huu na mlango wa Gavana. Zahanati, soko, na maji ni mambo ya Gavana. Kamishna ni mkono wa Serikali Kuu: usalama, barua ya chifu ya kutafutia kitambulisho, barua ya kutaja warithi wa maiti, kuandikisha mtoto aliyezaliwa nyumbani, chakula cha msaada wakati wa ukame. Mambo haya ndiyo yanayomfanya mtu ahesabiwe kuwa mtu katika nchi yake.

Baina ya wakubwa hawa wawili iko tofauti kubwa. Gavana tulimpigia kura, na akituudhi twamngoja mwaka wa tano. Kamishna hatukumchagua, na hatuwezi kumwondoa kwa kura. Maadam ni hivyo, tulichonacho mkononi ni sheria tu, na sheria haimsaidii asiyeijua.

Basi na ijulikane. Katiba inasema kila raia anastahiki hati za uandikishaji na pasipoti. Inasema mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiserikali, au inaelekea kuguswa, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, kwa hivyo hakuna mzee wa Siyu anayelazimika kutafuta mkalimani katika ofisi ya nchi yake mwenyewe. Nayo Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inamtaka ofisa kulijibu ombi la habari katika muda usiozidi siku 21, na katika masaa 48 ikiwa jambo lahusu uhai au uhuru wa mtu.

Tutazame kitambulisho. Miaka mingi kijana wa kaunti ya mpakani alisimamishwa mbele ya kamati, akaulizwa nasaba ya babu wa babu yake, hali mwenzake wa bara alipeleka karatasi akaondoka. Asiye na kitambulisho hapati kazi wala hapigi kura. Mwezi wa Februari 2025 Rais alitangaza kuondolewa kwa uhakiki huo wa ziada. Twalipokea tangazo hilo kwa shukrani. Lakini tangazo hutolewa katika mkutano, na karatasi hutolewa katika ofisi, na safari baina ya hayo mawili yaweza kuwa ndefu. Raia ataamini siku atakapoishika kadi mkononi.

Tutazame pia amri za usalama. Baada ya utekaji nyara wa mwaka 2011 wavuvi wa Lamu walikatazwa kuvua usiku, na baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014 ikaja amri ya kutotembea usiku. Hatusemi kwamba hatari haikuwako. Damu ilimwagika, na Mola awarehemu waliokufa. Twasema kwamba mvuvi aliyezuiliwa bahari miaka na miaka alistahiki kuelezwa kila mara ni kwa nini, na ni mpaka lini. Amri isiyo na sababu wala mwisho humgeuza raia mwema kuwa mtuhumiwa.

Kwa hivyo twataka mambo manne. Kwanza, ubandikwe mlangoni kwa Kiswahili ubao wa huduma, wenye ada yake ikiwapo na siku zake. Pili, kila apelekaye karatasi apewe hati ya kuonyesha tarehe na aliyeipokea. Tatu, maofisa wavivukie visiwa kwa siku maalumu zilizotangazwa, wasingoje visiwa viwavukie wao. Nne, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi.

Nasi raia tuna wajibu wetu. Tusitoe chai ili tupewe kilicho chetu, kwani atoaye na apokeaye ni washirika. Tusimtukane karani, ambaye pengine hana hata wino. Tuulize kwa adabu, tuandike jina na tarehe, na tukidhulumiwa tupeleke malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Na ofisa naye akumbuke kwamba sheria imemkataza kukifanyia kazi chama chochote, kiwe cha wenye kutawala au chetu sisi.

Mwenye duka hukaguliwa mizani yake, na ikipunja hushitakiwa. Hatukasiriki, kwani hiyo ni haki ya mnunuzi. Twaomba mizani ya ofisi nayo ikaguliwe vivyo hivyo. Kila aliyepewa amana ya watu ataulizwa juu yao, hapa duniani na kesho Akhera.