Fort Ternan: kijiji kidogo, majina mengi

Mwulize mtoto wa Nairobi au Nakuru Kericho kuna nini, naye atakujibu upesi: chai. Hakosei. Lakini Kericho haiishii kwenye majani ya chai. Kutoka Londiani, teremka kwa barabara ya Muhoroni, upite Kipkelion, na kabla hujaingia kwenye joto la miwa utafika Fort Ternan, kijiji cha reli kilichokaa kati ya vilima. Wenye magari wengi hukipita bila hata kupunguza mwendo. Leo, msomaji, hebu tushuke.

Usitarajie minara na mizinga kama ya Fort Jesus kule Mombasa. Jina hili ni la Trevor Ternan, afisa wa jeshi la Uingereza aliyewahi kukaimu ukamishna wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1890. Uganda? Naam. Hadi mwaka wa 1902 nchi hii yote ya Kericho ilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda. Mtoto aliyezaliwa hapa mwaka wa 1900 alikuwa wa Uganda kwenye karatasi za Wazungu, na miaka miwili baadaye akawa wa upande wa pili bila kutoka nyumbani kwa mamake.

Kilichowaleta Waingereza ni reli. Mwaka wa 1901 mataruma yalitambaa kutoka kilele cha Mau, zaidi ya mita 2,500 juu ya bahari, yakashuka Londiani, Lumbwa, Fort Ternan na Muhoroni, na mnamo Desemba yakafika ziwani, mahali tunapopaita Kisumu leo. Kericho yenyewe haikupitiwa na njia hiyo. Wenyeji hawakukaa kimya. Wanandi walikata nyaya za simu za reli wakazifanya mapambo, na vita vikaendelea hadi Koitalel arap Samoei alipouawa kwa hila Oktoba 1905. Mwaka huo huo majeshi ya Waingereza yaliwashambulia Wakipsigis wa Sotik.

Wakipsigis hao Waingereza waliwaita Lumbwa, jina wasilojiita wenyewe. Baada ya uhuru stesheni ya Lumbwa ikapewa jina la Kipkelion. Fort Ternan ikabaki na kanali wake, nadhani kwa sababu hakuna aliyemkumbuka kiasi cha kumchukia.

Mnamo 1961 jina hilo likavuma duniani. Mkulima Mzungu aliyeitwa Fred Wicker alikuwa ameona mifupa iliyogeuka mawe shambani mwake, na habari zikamfikia Dakta Louis Leakey. Walipochimba, lilipatikana taya la juu la mnyama wa jamii ya nyani wakubwa, lenye meno ya chonge madogo kuliko ilivyotarajiwa. Vipimo vya mawe ya volkeno vilionyesha umri wa miaka milioni 14 hivi. Mlima Tinderet, ambao siku hizo ulikuwa ukitema moto, ndio uliofunika mizoga ile kwa majivu na kuihifadhi.

Mwaka wa 1962 Leakey alimwita mnyama huyo Kenyapithecus wickeri: nchi ikapata nusu ya jina, mwenye shamba nusu ya pili. Alidai pia kwamba kiumbe huyo alivunja mifupa kwa mawe ili ale uboho, lakini wataalamu waliofuata hawakukubali. Hata hivyo, mahali hapa palionyesha jinsi pori la enzi hizo lilivyokuwa, lenye twiga wa kale na swara wa mwanzo mwanzo. Mmoja wa wanyama hao wenye pembe sasa huitwa Kipsigicerus. Afadhali! Wenyeji nao wakatajwa, japo ilibidi wangoje hadi mwaka wa 1984.

Ukirudi upande wa Kipkelion kuna monasteri iliyoanzishwa mwaka wa 1956 na watawa wa Kitrapisti kutoka Tilburg, Uholanzi. Hao ni watu wa kimya, sala na jembe. Lakini kimya hicho kilivunjwa. Mapigano ya kikabila yaliyoanza shamba la Meteitei, ng'ambo ya Tinderet, tarehe 29 Oktoba 1991, yalienea maeneo haya, na baada ya uchaguzi wa 2007 moto ukawaka tena. Watu waliofukuzwa makwao walikimbilia monasteri. Mwaka wa 2008 watawa wenyewe walihama, wakaenda Uganda. Wanaosoma juu ya mifupa ya Fort Ternan vitabuni hawaambiwi kwamba juu ya udongo huo huo jirani alimwuliza jirani yake, "Wewe ni wa wapi?" na jibu likawa suala la kufa na kupona.

Ukitaka kuwapeleka watoto likizo hii, mahali palipochimbwa pako chini ya Makumbusho ya Taifa, na visukuku muhimu vimehifadhiwa Nairobi, zaidi ya kilomita 200 kutoka vilipolala. Vaeni viatu vya kufunga. Na mtoto akiona mfupa umechomoza kwenye jiwe, asiuchomoe hata kama ni mdogo kama ukucha. Sheria ya 2006 ya makumbusho na turathi inaulinda, na mfupa ukishatolewa mahali pake hakuna mtaalamu atakayeweza kusema ulilala na nani.