Tusiwanyime mofini wagonjwa wa saratani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowatesa wananchi wengi kimya kimya, yaani maumivu makali ya saratani.

Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijua maiti. Mama yangu alikuwa na saratani ya titi iliyokwisha fika kwenye mifupa ya mgongo. Katika hospitali ya kwanza alipewa parasetamoli tu, naye akawa analia usiku kucha. Nilipouliza habari za mofini nikajibiwa, "Hiyo ataizoea." Nikajiuliza, mama wa miaka 71 asiyeweza hata kugeuka kitandani, tunamwogopea mazoea gani? Tulipomhamishia kwingine alianzishiwa mofini ya maji. Siku ya tatu aliketi, akanywa uji na kuwauliza wajukuu habari za shule. Alifariki miezi mitatu baadaye, lakini hakufa akipiga mayowe.

Ndugu Mhariri, mofini ikitolewa kwa kipimo sahihi haimharakishii mtu kifo. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 1977, na mwaka 1986 likatoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani kwa ngazi, kuanzia parasetamoli au aspirini, kisha kodeini, hadi mofini. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Dozi huanza ndogo ikapandishwa taratibu. Ni kweli mwili huizoea, ndiyo maana haikatizwi ghafla, lakini hali hiyo si sawa na ulevi wa mtu anayetafuta starehe.

Tena mofini peke yake haitoshi kila mara. Maumivu ya mishipa ya fahamu, yale yanayochoma kama moto, huweza kupungua ikiongezwa dozi ndogo ya amitriptilini, ingawa wengi huijua kama dawa ya sonona. Deksamethasoni hupunguza uvimbe unaobana mishipa, na maumivu ya mifupa husaidiwa na tiba ya mionzi. Kwa kuwa mofini hufunga choo, dawa ya kulainisha choo iandikwe siku ile ile, maana wako wanaoiacha mofini kwa sababu ya tumbo tu.

Sikatai ulinzi. Mofini ikizidi kipimo hudhoofisha pumzi, na walanguzi wapo. Basi ifungiwe kabatini na kila chupa iandikwe daftarini. Lakini kufuli hilo limzuie mwizi, lisimzuie mgonjwa.

Majirani zetu wa Uganda, mwaka 2004, waliwaruhusu kisheria wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, ili ifike vijijini ambako madaktari ni wachache. Naiomba Wizara ya Afya iutazame mfano huo, ihakikishe dawa hii haikosekani katika hospitali za wilaya, na wahudumu wote wafundishwe kuitumia bila hofu.

Nasi wananchi tuache kumwambia mgonjwa avumilie. Saratani iliyoenea pengine haiponi, lakini maumivu yake yanatulizwa. Kumwacha mtu ateseke hali dawa ipo ni ukatili.

Msomaji wako,
Korogwe.