Nchelenge: Ni lugha gani impime kijana mwenye ulemavu wa akili?

Makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani Nchelenge kaskazini mwa Zambia, yalifunguliwa mwaka 2018 kuwapokea Wakongo waliokimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Wengi wao huzungumza Kiswahili. Wenyeji wa mwambao wa Ziwa Mweru na wa Mofwe huzungumza Kibemba, na shughuli za serikali huendeshwa kwa Kiingereza. Kwa kijana mwenye ulemavu wa akili, tofauti hiyo yaweza kuamua iwapo atafundishwa kazi au ataachwa nyumbani.

Kipimo kimoja cha lugha ni uwezo wa kuunda maneno. Mwaka 1958 mtafiti wa Marekani, Jean Berko, aliwaonyesha watoto picha ya kiumbe cha kubuni, "wug", akawataka wataje wawili. Aliyejibu "wugs" alidhihirisha kuwa anaijua kanuni, kwani neno hilo hakuwahi kulisikia. Tafiti za baadaye kuhusu watu wenye sindromu ya Down zimeonyesha kwamba viambishi huwatatiza kuliko msamiati wanaouelewa, lakini pia kwamba lugha yao huendelea kukua hata baada ya utoto.

Hata hivyo, kipimo cha Kiingereza hakiwezi kutafsiriwa tu. Kiingereza huonyesha wingi mwishoni mwa neno. Kiswahili na Kibemba huuonyesha mwanzoni: mtu na watu, umuntu na abantu. Kutokana na "vua" hupatikana mvuvi na uvuvi. Zaidi ya hayo, Kiswahili cha Katanga huonyesha udogo kwa ka- na tu-, karibu sawa na aka- na utu- za Kibemba. Mtahini anayesubiri ki- na vi- za vitabuni ataona kosa mahali ambapo kijana amefuata kanuni ya kwao barabara.

Zambia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, ikatunga sheria yake mwaka 2012. Lakini Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha saba za kienyeji zinazotambuliwa rasmi shuleni. Kwa hiyo haki iliyoandikwa hutegemea mkalimani, mzazi anayesikilizwa, na mtahini anayeanza kwa kuuliza lugha ya nyumbani. Bila hayo, ugeni wa lugha utaendelea kuhesabiwa kuwa upungufu wa akili.