Kisu Kikali, Si Kikubwa

Mwaka juzi, siku ya mnada hapa Karatu, niliona mtamba akining'inia kwa shingo. Walikuwa wakimpandisha kwenye Fuso, miguu yake ya nyuma ikateleza kwenye tope, akaanguka nje ya gari huku kamba ya katani aliyofungwa shingoni ikiwa imekazwa juu kwenye vyuma vya ubavuni. Ulimi ulimtoka. Wanaume kama ishirini tulikuwa tumesimama pale. Wengine walimsukuma kwa chini, wengine walipiga kelele kwamba fundo lifunguliwe, na fundo lililobeba uzito wa ng'ombe halifunguki kwa vidole. Vijana wawili watatu walikwisha toa simu wakipiga picha. Nikatoa kijisu changu mfukoni, ambacho bapa lake halizidi urefu wa kidole cha kati, nikakata kamba. Mtamba alianguka kama gunia, akalala akikoroma, kisha akasimama.

Mwenye mali alinishukuru. Lakini kijana mmoja aliyevaa shati safi la ofisini alinitazama kwa mshangao, akasema, "Shikamoo mzee. Kumbe na umri huo unatembea na kisu? Unamwogopa nani?" Watu wakacheka. Nami nikaitikia marahaba nikacheka nao, maana sikuwa na jibu la haraka. Jibu nimelitafakari tangu siku ile, na ndilo ninaloliandika hapa.

Ndugu msomaji, katika jambo hili la kisu cha mfukoni nina ugomvi na makundi mawili. Kundi la kwanza ni la waungwana wa mjini wanaoamini kuwa mwenye kisu ni mhuni, na kwamba mtu aliyestaarabika hubeba kalamu na simu, basi. Kundi la pili ni la vijana wanaonunua visu vikubwa vya kukunja, vyeusi, vyenye meno mgongoni, ati kwa ajili ya kujihami. Makundi haya hudhani yanapingana. La hasha! Yana imani moja, nayo ni kwamba kisu kimeumbwa kwa ajili ya mwili wa binadamu. Mmoja anakikimbia kwa sababu hiyo, na mwingine anakipenda kwa sababu hiyo hiyo. Wote wawili wamesahau kazi.

Mimi nilikuwa bwana mifugo kabla ya kustaafu. Kwa miaka mingi kisu kidogo kimenitoa katika mashaka madogo madogo ambayo hayaandikwi katika taarifa za kazi. Kimekata kamba za magunia ya vitunguu Mang'ola. Kimechokoa mwiba wa mgunga uliopenya soli ya kiatu, na jiwe lililokwama kwenye kwato. Kimemenya chungwa la mtoto aliyekuwa akilia ndani ya basi. Si mambo makubwa hayo, lakini mtu asiye na kisu huyafanya kwa meno, kwa kucha, au kwa kumwomba jirani.

Panda kutoka Karatu, pita lango la Lodoare, zunguka ukingo wa kreta mpaka ushuke upande wa Malanja. Huko utamkuta mchungaji wa Kimasai na sime kiunoni, ndani ya ala ya ngozi nyekundu. Mgeni aliye ndani ya gari huona silaha, akapiga picha. Mimi niliyelala katika maboma hayo nimeiona sime ikikata miiba ya kuzibia zizi, ikichonga fimbo, ikichuna ngozi na kugawa nyama. Ni silaha pia, sibishi. Fisi na chui wa Ngorongoro si hadithi. Lakini mchungaji yule huivaa kama fundi avaavyo futi yake, na hahitaji kuichomoa ili ajulikane kuwa ni mwanamume. Karani wa Karatu hana haja ya sime. Ana haja ya kitu kidogo kinacholingana na siku yake.

Hapa ndipo tunapoiharibu methali yetu. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakusema mwenye kisu kikubwa. Ukubwa hununuliwa dukani kwa dakika moja. Makali hutafutwa kila wiki kwenye kinoo, kwa mate na subira, na asiyekuwa na subira hiyo hubaki na pande la chuma linalotisha watu lakini haliwezi kukata nyanya.

Nina mpwa wangu, dereva wa magari ya watalii. Miaka kadhaa iliyopita alinunua kisu cha namna hiyo ya pili. Nilimwuliza cha nini, akanijibu, "Mjomba, usiku mjini siku hizi huwezi kutembea mikono mitupu." Nilinyamaza, na kunyamaza kule ni kosa langu, sitamsingizia mwingine. Usiku mmoja wakagombana kilabuni juu ya deni la fedha ambazo hazikutosha kununua hata hicho kisu. Akakitoa, akamrukia mwenzake. Mwenzake akakwepa, na ncha ikagonga mgongo wa kiti. Kisu kile hakikuwa na kitasa cha kulizuia bapa, kwa hiyo lilijikunja kwa nguvu ile ile aliyoisukumia, likamfungia vidole vyake mwenyewe. Kano za vidole viwili zilikatika. Mpaka leo haviwezi kukunjika vizuri kwenye usukani. Namshukuru Mungu kwamba kiti kilikuwapo, maana bila kiti kile ningekuwa nakwenda kumtazama gerezani.

Basi, kama ni kuchagua, chagua hivi. Kwanza, bapa lisizidi upana wa kiganja chako. Kazi ya mfukoni inayohitaji zaidi ya hapo ni kazi ya panga. Pili, kikunjue ukibonyeze mgongo wake kwa uangalifu ujue kama kina kitasa. Kama hakina, si kibaya, ila ujue kuwa ni cha kukata, na kamwe si cha kudungia. Tatu, usidanganywe na kung'aa. Chuma kisichoshika kutu huwa na kromiamu, si chini ya asilimia 10.5, na visu bora kabisa duniani hutengenezwa kwa chuma hicho. Lakini kinacholifanya bapa lishike makali ni kaboni iliyomo na moto uliolipitia: lichomwe mpaka liwe jekundu, litumbukizwe ghafla kwenye mafuta au maji, kisha lipashwe tena kwa moto mdogo lisije likakatika kama kigae. Visu vingi vya bei ya chee vimeruka kazi hiyo. Vinang'aa, na vimekufa.

Vijana hunitajia kisu cha jeshi la Uswisi, ambacho watalii huja nacho. Vema. Basi na wajue kwamba kisu cha kwanza cha askari wa nchi ile, cha mwaka 1891, kilikusudiwa kufungua makopo ya chakula na kufungulia skrubu za bunduki. Karl Elsener wa kijiji cha Ibach alipokiboresha na kusajili kisu cha maofisa mwaka 1897, aliongeza bapa dogo na kizibuo cha chupa. Jeshi lenyewe halikumpa askari kisu kile kwa ajili ya kuchoma watu. Sisi ambao hatuko vitani tunataka nini?

Tena hatuna haja ya kwenda mbali. Shuka Bonde la Eyasi, utawakuta wahunzi wa Kidatoga na mivukuto yao ya ngozi. Datoga waliishi hata ndani ya Kreta ya Ngorongoro, kabla Wamasai hawajawatoa huko katika karne ya 19. Na jina la Mang'ati tunalowaita ni la Wamasai hao hao, kwa maana ya maadui. Wahunzi hao hufua misumari ikawa vichwa vya mishale, na Wahadzabe huwapa asali badala yake. Makufuli mabovu na bomba za maji zilizochakaa huyeyushwa zikawa bangili. Mmoja wao alinifulia kisu kidogo kwa kipande cha springi ya gari, mpini wa mti, ala ya ngozi. Kinashika kutu nisipokipaka mafuta, lakini makali yake hayajanisaliti.

Mhunzi huyo tunamdharau. Dharau hii ni ya zamani: kwa Wamasai, ukoo wa wahunzi, ilkunono, kwa desturi haukuoana na koo nyingine. Shujaa alijivunia sime, na aliyeifua alinyimwa binti. Sisi wa leo tunajiona tumeendelea, lakini tunapita mlangoni kwa mhunzi tukikimbilia dukani kununua kinachong'aa, na watalii ndio wanaoketi kumtazama akipiga nyundo.

Utaniambia: mzee, hata kijisu kidogo kinaua. Ni kweli, na hoja hiyo siwezi kuipangua. Ndiyo maana polisi akimtilia shaka mwenye kisu simlaumu. Waliomfundisha kushuku ni wale wanaovichomoa vilabuni. Kwa hiyo nina masharti yangu. Kisu hakiingii nami kanisani, mahakamani, wala mahali penye pombe. Nikipanda ndege hukaa ndani ya mzigo unaopimwa. Nampa mwenzangu kikiwa kimefungwa. Na sharti kubwa kuliko yote ni hili: siku nitakayokitia mfukoni huku nikimfikiria mtu, siku hiyo kibaki nyumbani, nami nibaki nacho mpaka hasira ziishe.

Kijana wa shati safi, kama utaisoma kurasa hii, jibu lako ndilo hilo. Simwogopi mtu. Kisu changu hakina habari na watu. Kina habari na kamba, na mwiba, na chungwa. Siku ile ya mnada hukuwa mwoga, wala hukuwa mtu mbaya. Ulikuwa na nia njema na mikono mitupu, na mtamba alikuwa anakufa. Mnada ujao tafuta kisu kidogo, ujifunze kukinoa, ukisahau mfukoni mpaka kitakapohitajika.