Nani alikuwa nyuma ya mlango?

JICHO LA MSOMAJI
Na Rehema Mwachiro

Jumamosi iliyopita niliandika hapa kuhusu Wanugu, Wacucu na Rasta, majambazi ambao katikati ya miaka ya 1990 majina yao yalijaa kurasa za mbele za magazeti ya Kenya hadi polisi walipowaua kwa risasi, kila mmoja kwa siku yake. Sijawahi kupata ujumbe mwingi kiasi kile kwa makala moja. Msomaji wa Nakuru aliuliza bunduki walizipata wapi. Wa Thika alitaka kujua ni yupi aliyekuwa hatari zaidi. Kijana mmoja aliniomba nimweleze, hatua kwa hatua, walivyokuwa wakiponyoka mitego ya polisi. Karibu wote walinisihi niendelee.

Ujumbe mmoja ulikwenda kinyume na mingine. Mama mmoja aliandika kwamba ameisoma makala mwanzo hadi mwisho na hakuona jina la hata mtu mmoja aliyeibiwa.

Nikaichukua makala yangu, nikaisoma upya kwa kalamu mkononi. Alisema kweli. Nilikuwa nimeeleza walivyowindwa na walivyokufa. Wale waliovamiwa niliwafunga mzigo mmoja: wafanyabiashara, wakazi, madereva. Leo basi sina neno na majambazi. Nina neno na sisi tunaowasoma, na naanza na mimi mwenyewe.

Mwaka 1993, nikiwa kidato cha tatu, kitabu cha John Kiriamiti, My Life in Crime, kilifika darasani kwetu bila jalada, kurasa za mwanzo zimeshonwa kwa uzi mweusi. Zamu za kukisoma ziliandikwa nyuma ya daftari la hisabati. Kiriamiti alifungwa mwaka 1971, miaka 20, kwa wizi wa kutumia nguvu. Alitumikia takribani 13, na kitabu alichokiandika akiwa gerezani kikatoka 1984, mwaka ule ule aliofunguliwa. Tangu hapo kimechapwa tena na tena, na sishangai. Kilikuwa na barabara tunazozijua na mabasi tunayoyapanda, kikikimbia kama mtu anayefukuzwa. Wavulana wa darasa letu walianza kuitana Zollo, jina la mhusika wake mkuu. Tulihesabu wizi mmoja baada ya mwingine. Sikumbuki yeyote aliyewahesabu walioelekezewa bunduki.

Naielewa furaha ile, na simlaumu mtoto wa shule kwa kuipata. Tulikulia mahali ambapo mzee wako akienda kituoni kuripoti kuibiwa kuku, anaambiwa alete kwanza pesa za mafuta ya gari. Mtu anayewachezea shere polisi, hata kama ni kitabuni, alikuwa anatulipia kisasi kidogo. Tena hadithi humvuta msomaji kwa kamba ya yule anayeisimulia. Aliyeshika usukani akikimbia, nasi moyo unatudunda, tunaomba njia iwe wazi mbele yake. Ndani ya dakika chache tumeshasahau kwamba nyuma yake ameacha mtu amelala sakafuni.

Likizo ya Agosti mwaka ule ule, watu wanne waliingia dukani kwa baba, Likoni, saa tatu kasoro usiku. Mmoja alikuwa na bunduki, wengine mapanga. Walichukua mauzo ya siku, redio na saa ya baba. Wakati wa kutoka mmoja alimpiga kwa ubapa wa panga sikioni, bila sababu, maana pesa walikuwa wameshazipata. Asubuhi nilimkuta mama amepiga magoti, anachambua sukari iliyomwagika na kuchanganyika na vigae vya chupa. Alikuwa anajaribu kuiokoa. Nilimwambia aache; akasema gunia lile lilikuwa la mkopo.

Baba sikio halikupona vizuri. Lakini kilichobaki nyumbani kwetu kwa miaka mingi kilikuwa neno moja. Mlango ukibishwa, hata kama umesikia sauti ya mama, hata kama ni mimi naita "Baba, nimerudi," aliuliza, "Nani?" Na akauliza tena. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Shule zilipofunguliwa, zamu yangu ya kukisoma kile kitabu mara ya pili ilifika. Nilimpa mwenzangu.

Nilikirudia baada ya miaka mingi, na nilikirudia kwa sababu ya kitabu kingine cha mwandishi huyo huyo. Mwaka 1989 Kiriamiti alitoa My Life with a Criminal: Milly's Story, maisha yale yale yakisimuliwa kwa sauti ya mwanamke aliyempenda Zollo bila kujua pesa zake zinatoka wapi. Huo ni ungwana ambao hatukumtambulia. Aliyekuwa ameshika bunduki aliiweka chini, akajaribu kusikia jinsi mlio wake unavyosikika kutoka chumba cha pili. Darasani kwetu hakuna aliyekitafuta. Hakikuwa na mbio za kutosha.

Swali la wanaosahauliwa katika visa kama hivi, Wamarekani walilipeleka hadi mahakamani. Mwaka 1977 jimbo la New York lilitunga sheria kwamba pesa ambazo mhalifu angepata kwa kusimulia uhalifu wake ziwekwe kando kwa ajili ya walioumizwa. Miaka kadhaa baadaye Nicholas Pileggi akatoa Wiseguy, kisa cha Henry Hill, mtu wa genge lililohusishwa na wizi wa 1978 katika ghala la Lufthansa, uwanja wa ndege wa Kennedy, ambako zilichukuliwa takribani dola milioni 5 taslimu. Bodi ya waathiriwa iliyosimamia sheria hiyo iligundua kwamba dola 96,250 zilikuwa zimeshalipwa kwa ajili ya Hill. Ikazidai. Mchapishaji akapinga, na mwaka 1991 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha sheria ile kwa kuwa ilibana uhuru wa kusema. New York ililazimika kuiandika upya.

Naona mahakama ilisema sawa. Mtu aliyefungwa ana haki ya kusimulia, nami sitaki serikali iniamulie kisa cha kusoma. Mwalimu aliyeniuliza wiki hii kama avitoe vitabu hivi kwenye maktaba ya shule yake, jibu langu ni hapana. Aviache, kisha awape wanafunzi kazi moja: wachague mtu aliyeibiwa, aliyetajwa kwa sentensi moja, wamwandikie ukurasa wa siku iliyofuata.

Ile sheria ya New York, hata hivyo, ilikuwa imeligusa deni la kweli, ijapokuwa ililiendea kwa njia mbaya. Raha ya kisa cha ujambazi imelipiwa na mtu, na mara nyingi mtu huyo hatajwi popote. Sisi waandishi tunaweza kulipa sehemu yetu kwa kazi ya miguu: kwenda kwa mwenye duka, kwa mke wa mlinzi, kwa dereva ambaye tangu siku ile hapiti njia ile. Nanyi wasomaji mnaweza kutudai. Huyo mama alinidai kwa mistari miwili, nami nitamlipa. Wiki ijayo safu hii itakuwa ya wale walioibiwa, na anayetaka kunisimulia yaliyompata namwomba aniandikie.

Kijana uliyeuliza walivyoponyoka, sitakujibu. Nakupa swali la baba yangu. Ukifika ukurasa ambapo mlango unavunjwa, usiwakimbilie wanaotoroka. Simama hapo kwanza, uulize: nani? Kisha uulize tena.