Pikipiki ya Kila Kazi? Ngoja Kwanza!

Leo naweka kando mambo ya programu na seva (sio mbali sana, mtaona).

Wiki hii rafiki yangu, ambaye naye huandika programu, alinionyesha fomu ya mkopo wa sacco. Anataka pikipiki kubwa ya safari. Mnazijua: ndefu, kioo cha kuzuia upepo mbele, masanduku ya alumini pembeni, matairi ya kukanyaga lami na matope. Sababu yake ni moja: "Hii inafanya kila kitu. Jumatatu kazini, Jumamosi Turkana."

Nilimwomba asitie sahihi mpaka anisikilize. Na kwa vile najua wako wengine wenye fomu kama hiyo, nawaambia nyote pamoja.

Msimamo wangu ni huu. Kinachouzwa siku hizi kwa jina la pikipiki ya kila kazi si cha kila kazi. Pikipiki ya kila kazi ni ile unayoweza kuiinua peke yako ikianguka, na ambayo fundi aliye karibu na pale ilipokufia anaweza kuitengeneza. Basi. Hayo mengine ni mapambo.

Kwanza tuwe waungwana: uzuri wake

1. Mkao. Unakaa wima, mgongo haulalamiki, na unaona juu ya magari madogo. Kwa mtu anayekaa mbele ya kompyuta saa tisa kwa siku, hilo si jambo dogo.

2. Shoki ndefu na gurudumu kubwa la mbele. Nyingi zina gurudumu la inchi 19 au 21, wakati boda ya kawaida ina 17 au 18. Gurudumu kubwa hupanda ukingo wa shimo badala ya kutumbukia ndani. Kwa matuta na mashimo yetu, utashukuru.

3. Nguvu. Uko Barabara ya Mombasa, mke yuko nyuma, mbele kuna lori linalopanda kilima polepole. Ukiwa na cc 150 utakaa ubavuni mwa lori hilo muda mrefu ukiomba Mungu. Kubwa inalipita upesi na unarudi upande wako. Hapa sina ubishi.

4. Injekta. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, Magadi ni kama 600, Timboroa imepita 2,600. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa Magadi, ukifika Timboroa itamwaga petroli nyingi kuliko hewa iliyopo, na injini itakohoa. Injekta ina sensa ya hewa na kompyuta ndogo inayopunguza mafuta yenyewe. Kama mtu wa programu, navua kofia.

5. Breki za ABS. Lami ikiwa na maji zinaokoa maisha. Kwenye kokoto zinaweza kukurefushia safari ya kusimama, ndiyo maana pikipiki iliyotengenezwa vizuri ina swichi ya kuizima ABS ya nyuma. Ulizia swichi hiyo kabla ya kulipa.

Haya, uzuri nimeutaja wote bila hila. Sasa tugeuze ukurasa.

Ugonjwa wa kunenepa

Mwaka 1980 BMW walitoa R80 G/S. Ilikuwa na injini ya karibu cc 800, nguvu za farasi 50, na uzito usiofika kilo 200. Mwaka 1981 Hubert Auriol aliipeleka jangwani akashinda mashindano ya Paris-Dakar. Hiyo ndiyo iliyowafundisha watu kwamba pikipiki moja inaweza kwenda lami na porini.

Sasa mtazame mjukuu wake. R 1250 GS iliyotoka mwaka 2018 ina kilo 249. Ndugu yake mwenye tangi kubwa, Adventure, ana kilo 268, na hapo hujaweka nguo, hema wala mke. Mwaka 2023 ikaja R 1300 GS yenye kilo 237, na watu wakasherehekea kwamba imekonda! Imekonda kutoka wapi?

Sisi watu wa programu tunaujua ugonjwa huu. Programu huanza ndogo, inafanya kazi moja vizuri. Kila toleo linaongezewa kitu, hakuna anayethubutu kuondoa kitu, na baada ya miaka kumi haifunguki kwenye kompyuta ya kawaida. Kila nyongeza peke yake ilikuwa na sababu nzuri. Jumla yake ndiyo haina sababu.

Na ile filamu ya Long Way Round ya mwaka 2004, iliyowatia wengi wazimu huu? Waliokwenda na BMW kubwa walitaabika kwenye matope ya Mongolia. Ya mpiga picha wao ilipoharibika, alinunuliwa pikipiki ya Kirusi pale pale akaendelea na safari. Sehemu hiyo ya filamu watu huisahau haraka sana.

Yaliyonipata

Hapa siongei ya kusikia. Nilikuwa nayo. Chapa siitaji, kwa sababu nusu ya kosa ilikuwa yangu.

Mwaka 2019 tulitoka mimi na kaka yangu, yeye akiwa juu ya kipikipiki chake cha cc 200, mimi juu ya meli yangu. Isiolo hadi Laisamis ni lami safi, nilikuwa mfalme. Kila baada ya muda nilisimama kumngoja. Tukapinda kuelekea South Horr, lengo letu Loiyangalani, na baadaye tukaiacha barabara kubwa tukashika njia ya Ngurunit.

Kwenye mto mkavu wa kwanza, ile wanayoiita laga, gurudumu la mbele likazama mchangani. Nikaanguka polepole, kwa aibu kabisa, na sanduku la alumini likanilalia mguu. Kaka yangu alikuwa ameshavuka. Nililala pale chini ya jua la saa saba, siwezi kuvuta mguu wala kuinua chuma. Ni vijana wawili waliokuwa wakichunga mbuzi ndio walioniinulia. Mguu haukuvunjika, Mungu ni mkubwa. Lakini nilijiuliza: na kama ningekuwa peke yangu?

Subirini, haijaisha. Nikawasha, ikawaka. Nikatia gia, ikazimika. Nikawasha tena, nikatia gia, ikazimika. Kwenye kioo cha vipimo taa ya onyo inanikodolea macho.

Tukaisukuma hadi kwa kijana anayetengeneza boda. Akainama, akatazama dakika mbili, akagusa mguu wa kuegeshea. "Hapa kuna swichi," akasema. "Imevunjika. Pikipiki inadhani mguu uko chini. Nikate hizi waya mbili niziunganishe, utaenda."

Nikakataa! Mimi, msomi wa kompyuta, nikamwambia mashine hii ina kompyuta, usiiguse, utaiunguza. Nikalipa nafasi kwenye lori la mbuzi lililokuwa likienda Kiamaiko. Kaka yangu akaendelea Loiyangalani bila mimi, akanitumia picha za ziwa.

Nairobi gereji ilikaa nayo wiki tano ikingoja kipuri kutoka ng'ambo. Kipuri gani? Swichi ya mguu wa kuegeshea. Nilipoipima ile ya zamani nyumbani kwa mita yangu ya umeme, ilikuwa swichi ya kawaida kabisa: waya mbili, mguu ukiwa juu zinagusana, ukiwa chini zinaachana. Kijana alikuwa sahihi neno kwa neno. Angeziunganisha, ningekumbuka tu kupandisha mguu mwenyewe kabla ya kuondoka, na ningeliona ziwa.

Mnaweza kusema kosa ni langu. Ni kweli. Lakini tazameni mashine hiyo ilivyonifanya: ilinifanya niogope kitu ambacho kazini ningekitatua kabla ya chai. Chombo kinachomfanya mwenyewe aogope kukigusa hakijawa chake, hata kama jina lake limo kwenye karatasi.

Tuseme ukweli kuhusu boda

Sasa nitawaudhi baadhi yenu. Kwa nini mtu wa Nairobi ambaye safari yake ndefu ni Naivasha mara moja kwa mwaka ananunua kilo 250? Nimewauliza wengi. Wakimaliza kuimba habari za Turkana, ukweli hutoka: hawataki kudhaniwa ni watu wa boda.

Wana sababu. Ukifika langoni na pikipiki ndogo, askari anakuelekeza mlango wa mizigo. Ukifika na kubwa, anakupigia saluti. Mimi nimepokelewa kwa njia zote mbili, langoni pale pale, nikiwa na koti lile lile. Inauma.

Lakini kukopa mamia ya maelfu ili askari akupigie saluti ni bei kubwa mno. Tena ni dharau kwa watu wanaojua pikipiki kuliko sisi sote. Mtu wa boda anabeba magunia, wagonjwa, vitanda na milango ya chuma, kwenye njia ambazo wewe ungepiga picha kwanza. Kama kuna pikipiki ya kila kazi Kenya, ni ile yake. Cheni, tyubu, plagi na kebo ya klachi utapata kila kituo cha soko. Zako utazipata kwa ndege.

Nani basi anunue kubwa?

Sisemi hakuna. Ukisafiri barabara kuu kila wiki, na abiria, chukua kubwa kiasi, hata hizi za cc 400 hivi. Himalayan mpya ya Royal Enfield, kwa mfano, ina cc 452, farasi 40 na kilo 196. Si nyepesi, lakini bado ni ya binadamu. Ukiwa na pesa za ziada na unaipenda tu, nunua, ni haki yako. Ila usiseme ni ya kila kazi.

Wengine wote, fanyeni majaribio matatu kabla ya sahihi:

- Ombeni muuzaji ailaze kwenye nyasi. Iinueni peke yenu. Mkishindwa, shukuruni, rudini nyumbani.
- Chagueni mji mnaotamani kufika. Pigeni simu kwa fundi wa huko, muulizeni kama ana tairi na tyubu ya saizi hiyo.
- Muulizeni muuzaji: taa ya onyo ikiwaka, ni nani nje ya gereji yake anayeweza kuisoma? Akianza kukohoa, mmepata jibu.

Na bajeti yoyote ile, toeni kwanza ya helmeti nzuri, buti, glavu na mafunzo ya leseni ya A2. Kinachobaki ndicho cha pikipiki. Nimeona watu wenye mashine ya laki saba na helmeti ya elfu moja. Hesabu gani hiyo?

Mimi ile meli niliiuza kwa hasara. Sasa nina ya cc 200, ina kabureta, nguvu zake ni za kuchekesha na kwenye kilima cha Limuru malori hunipigia honi. Mwaka 2021 nilirudi Ngurunit nayo. Nilianguka kwenye laga ile ile. Nikasimama, nikaiinua, nikapangusa mchanga, nikaenda kumsalimia yule kijana na kumwomba radhi. Alicheka sana. Kesho yake nililiona ziwa.

Rafiki yangu bado ana fomu. Jumamosi hii tunakwenda kulaza pikipiki kwenye nyasi.