Wanaoisoma Katekisimu Nusu



Wapo waamini wanaotutaka sisi mapadre tutaje altareni majina ya wanaodhaniwa kuwa mashoga, ili jumuiya ziwatenge na wazazi wawafukuze nyumbani. Wanadai kwamba huko ndiko kuitetea imani. Sisi tunakataa, na ni haki yenu kujua sababu.

Tusieleweke vibaya. Ndoa ni agano la mume na mke, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2357, inafundisha kuwa matendo ya ushoga yanapingana na sheria ya maumbile. Hatupunguzi neno hata moja. Lakini kitabu hakiishii hapo. Namba 2358 inaagiza watu hawa wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, na inakataza kuwabagua pasipo haki. Namba 2359 inawaita kwenye usafi wa moyo, wito ambao ni wetu sote. Anayefunga kitabu kwenye namba 2357 anatetea nusu ya imani, na nusu hiyo mikononi mwa mwenye chuki hugeuka kuwa rungu.

Ndivyo ilivyokuwa baada ya Roma kutoa tamko la "Fiducia Supplicans" tarehe 18 Desemba 2023. Tarehe 11 Januari 2024 Maaskofu wa Afrika na Madagascar, kwa sahihi ya Kardinali Fridolin Ambongo, walisema kwamba baraka kwa wapenzi wa jinsia moja hazitatolewa katika Makanisa yetu. Wengi walishangilia. Ni wangapi walioona kwamba barua hiyo hiyo inadai watu hao watendewe kwa heshima na utu?

Kuhusu kutaja majina, mwezi Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo aliwataka wananchi wampelekee majina ya mashoga. Serikali ikajitenga na kampeni hiyo mwezi uliofuata. Kwa jirani zetu wa Uganda, ambao sisi wa Kyerwa tunapakana nao pale Murongo, sheria ya mwaka 2023 ilimlazimisha raia kutoa taarifa za wenzake. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilikifuta kifungu hicho, ingawa sehemu kubwa ya sheria ilibaki. Je, altare ifanye kazi iliyokataliwa na mahakama? Na padre anayesoma majina altareni, nani atathubutu kumwendea kwenye kiti cha kitubio?

Mtasema huruma ni kulea dhambi. Basi tuwaulize: mbona hatujaombwa kamwe kutaja jina la mwenye nyumba ndogo anayeketi benchi la mbele? Mbona yule aliyempa mimba mwanafunzi, kisha akayamaliza na wazazi kwa ng'ombe, jina lake halitafutwi? Dhambi inayotukasirisha ni ile tusiyoitenda sisi.

Kagera tunapaswa kujua zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu mwaka 1983. Watu wakauita ugonjwa huo Juliana, wakawanyoshea wagonjwa kidole, wakaogopa hata kunywea kikombe chao. Hatusemi kwamba mambo haya mawili ni mamoja. Tunasema kidole ni kile kile, na hakikumponya wala kumwongoa mtu yeyote.

Katika sura ya nane ya Injili ya Yohane, Yesu hakuiita dhambi ya yule mwanamke wema, wala hakuwaruhusu wenye mawe wamuue. Wa kwanza kuondoka walikuwa wazee.

Basi, mzazi, usimfukuze mwanao. Nawe mwanajumuiya, kabla ya kutuletea jina la mwenzako, soma namba zote tatu, kisha jikague dhamiri.

Mungu awabariki.